Shajara ya Mradi: Kiti cha Magurudumu, Upande wa Kulia

Jumatatu: tulipofika

Upande wa kushoto wa kiti umekamilika kwenye kompyuta: fremu ya bomba, bamba la ekseli lenye safu ya mashimo ya kupandisha na kushusha gurudumu, breketi ya breki, kinga ya bati inayozuia nguo isiingie kwenye spoku, na mkono wa kubebea kibao cha miguu. Ukifungua mkusanyiko (faili inayounganisha sehemu zote) sasa hivi unaona nusu kiti imesimama hewani, ina gurudumu moja kubwa na moja dogo. Inachekesha kidogo, lakini ndivyo nilivyokusudia.

Kinachofuata ni upande wa kulia. Njia ya haraka ni kunakili kila faili, kuigeuza, na kusonga mbele. Nimeikataa. Nakala hufanana na asili yake siku ile ilipotolewa tu, na kiti hiki bado kinabadilika. Upana wa kikalio haujatulia. Mashimo ya ekseli yanajadiliwa. Anayeshughulikia breki ameshasema breketi huenda ikasogea. Kila badiliko likifanywa mara mbili kwa mkono, iko siku kushoto kutakuwa na shimo la milimita 12.7 na kulia la 12, na atakayegundua ni fundi, tena akiwa ameshalehemu.

Kwa hiyo faili ya kulia isiwe na umbo la kwake. Ilichukue umbo kutoka kushoto kwa kiungo hai: mama akibadilika, mtoto naye abadilike. Hapohapo kulia kubaki na uhuru wa kuwa na vitu vichache vya peke yake, maana hakuna kiti kilicho sawa kabisa pande mbili. Mambo haya mawili yanavutana, na kazi ya wiki hii karibu yote iko kwenye mvutano huo.

Mimi nafanyia kazi kwenye SolidWorks, programu ya kuchora sehemu za mashine. Mwenzangu atakayepokea faili anatumia nyingine, FreeCAD, kwa hiyo nitaandika na yanayomhusu.

Jumanne: kuchambua kabla ya kubofya

Amri ya kuakisi, yaani kugeuza umbo kama kwenye kioo, iko tayari, mtu anaweza kuchagua upande mzima wa kushoto, akabofya, akapata kulia kwa sekunde chache. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui kipi kinastahili kuakisiwa. Itakuakisia hadi bolti.

Nimepanga kila kitu kwenye mafungu matatu. Fungu la kwanza ni sehemu zenye upande: kulia kunahitajika umbo jingine kabisa, la kinyume. La pili ni sehemu zisizo na upande: faili ileile inatumika pande zote mbili, inawekwa tu mahali pake. La tatu ni vitu ambavyo havivuki kabisa, vya kushoto tu. Autodesk Inventor, programu nyingine ya namna hii, ina mpango kama huo ndani ya amri yenyewe: kila sehemu kwenye orodha ina alama yake, iakisiwe, itumike tena, au iachwe, na unabofya alama mpaka ikae unavyotaka. SolidWorks inakuuliza kwa mtindo tofauti kidogo, ila swali ni lilelile.

Kipimo cha kujua kama sehemu ina upande ni rahisi. Je, unaweza kuikata katikati kwa bapa moja (uso tambarare wa kufikirika) ukapata nusu mbili zinazotazamana kama kwenye kioo? Kama ndiyo, haina upande, itumie tena. Ziko pia sehemu zisizo na bapa la namna hiyo lakini zina kitovu ambacho kila ncha ina mwenzake upande wa pili wa kitovu hicho; nazo hazina upande, ingawa ni adimu na jicho hulikosa jambo hilo kwa urahisi.

Nikaanza kupitisha. Uma wa gurudumu dogo la mbele: una ulinganifu, utumike tena. Gurudumu kubwa, beringi, ekseli ya kuchomoa kwa haraka: vitumike tena. Bolti na nati: vitumike tena, na hapa hakuna mjadala. Bolti iliyochorwa na hesi zake halisi (mikondo ya mzunguko inayoshika nati) ukiiakisi unapata bolti ya hesi za kushoto, kitu ambacho kipo duniani (pedali ya kushoto ya baiskeli imefungwa kwa hesi za namna hiyo) lakini kwenye kiti hiki hakina kazi. Hata kama bolti imechorwa bila hesi, kuiakisi kunazaa faili mpya yenye jina jipya, na orodha ya vifaa itasema tunahitaji aina mbili za bolti ya M6, ya kipenyo cha milimita 6.

Fremu ya bomba: ina upande. Kinga ya bati: ina upande. Mkono wa kibao cha miguu: una upande, tena sana, kwa sababu unafungukia nje. Springi ya msokoto ndani ya breki: ina upande, kwa kuwa imesokotwa mwelekeo mmoja, lakini breki tunanunua kwa jozi, kushoto na kulia, na kila moja ina modeli yake kutoka kwa muuzaji. Kwa hiyo breki naiweka fungu la tatu. Kulia nitaingiza modeli ya breki ya kulia kama ilivyo. Ukiakisi kitu cha kununua unachora kitu ambacho huenda hakiuzwi.

Bamba la ekseli ndilo lililonishughulisha. Ni bamba bapa la aluminiamu, mashimo yanapita moja kwa moja, umbo lake limeinama mbele. Kwa macho linaonekana lina upande. Halina. Bamba lolote bapa lenye mashimo yaliyotoboka wima linakatwa na bapa linalopita katikati ya unene wake, kwa hiyo ukiligeuza chini juu umepata la kulia. Kilichokuwa kinalipa upande ni mashimo mawili yaliyopanuliwa mdomo upande mmoja ili kichwa cha skrubu kizame. Nimeyaondoa, nikaweka bolti za kichwa cha kawaida, kuna nafasi ya kutosha nyuma ya gurudumu. Sasa ni bamba moja, namba moja, idadi mbili. Sehemu isiyohitaji kuakisiwa ndiyo rahisi kuitunza, na nusu ya maarifa ya kazi hii ni kutafuta zipi zinaweza kufanywa hivyo.

Jumatano: kwa nini lazima faili mpya

Mwenzangu kaniuliza swali zuri. Kama fremu ya kulia ni ya kushoto iliyogeuzwa tu, kwa nini mkusanyiko usiichukue faili ileile na kuigeuza palepale? Kwa nini kuzaa faili?

Jibu liko kwenye namna mkusanyiko unavyoshika nafasi ya sehemu. Nafasi ni mzunguko pamoja na msogeo, basi. Mzunguko ukiuandika kama matriksi (jedwali la namba), kibainishi chake, namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye jedwali hilo, ni 1. Kuakisi nako kuna matriksi, lakini kibainishi chake ni -1, na hakuna namna ya kuzungusha mara nyingi kiasi gani ukafika -1. Ndara ya kushoto izungushe upendavyo, haitaingia mguu wa kulia. Hata viwango vya kubadilishana faili vimejengwa hivyo: kwenye STEP, yaani ISO 10303, nafasi ya kawaida ya sehemu hutolewa kwa nukta moja, mhimili wa Z na mwelekeo wa X, kisha Y inakokotolewa kutoka kwa hiyo miwili kwa kanuni ya mkono wa kulia. Hakuna mahali pa kuandika kwamba sehemu hii imegeuzwa kama kwenye kioo. Umbo la kinyume ni lazima liwepo mahali fulani kama umbo kamili.

Mahali hapo, kwa SolidWorks, ni pawili. Ukiwa kwenye mkusanyiko, amri ya kuakisi inaweza kuhifadhi umbo la kinyume katika faili mpya, au katika usanidi mpya, yaani lahaja nyingine ya sehemu, ndani ya faili ileile ya kushoto. Ukiwa kwenye sehemu yenyewe, unachagua bapa, unaamuru sehemu iakisiwe, na faili mpya inafunguka ikiwa na kipengele kimoja tu kwenye mti wake (orodha ya hatua zilizojenga umbo): sehemu mama, ikiwa imeakisiwa.

Usanidi ndani ya faili moja unavutia. Faili chache, hakuna kiungo cha kupotea. Wapo wanaoutumia miaka yote bila shida. Mimi sikuuchukua, kwa sababu kulia kutakuwa na mashimo yake, mchoro wake na namba yake, na toleo la kulia litabadilika siku ambayo kushoto hakujaguswa. Faili moja yenye sehemu mbili ndani yake inalazimisha zote mbili zipande toleo pamoja. Kwa hiyo faili mpya kwa kila sehemu yenye upande, na nimezitengeneza kutoka kwenye sehemu, si kutoka kwenye mkusanyiko. Ni polepole zaidi, ila naona kila kisanduku ninachotia tiki.

Visanduku hivyo visipitwe. Amri inauliza unataka nini kivuke kutoka kwa mama: miili, mihimili, mabapa, michoro ya ndani, alama za hesi, sifa za faili, taarifa za bati. Chini kabisa kuna chaguo la kukata kiungo na asili. Hicho kisipotiwa tiki, kiungo ni hai.

Alhamisi: bapa la kuakisia

Fupi leo, ila ni muhimu.

Umbo linalotoka haliathiriwi na bapa ulilochagua. Akisi kwa bapa hili au lile, umbo ni lilelile, tofauti ni mahali linapokaa tu. Watu wengi hawaamini hadi wapime. Lakini mahali linapokaa kuna uzito wake. Ukichagua uso wa nje wa sehemu kuwa kioo, siku unene ukibadilika uso unahama, mtoto anahama nao ndani ya faili yake, na kila kilichofungwa kwa kutegemea nukta asili (sifuri ya vipimo vyote vya faili) kinakwenda kombo. Mimi natumia mabapa matatu ya asili ya faili, basi. Hayahami.

Kwenye mkusanyiko nimeweka mchoro mmoja wa kiunzi, wa mistari mitupu ya kupangia nafasi, wenye upana wa kikalio, na bapa la katikati ya kiti linapita kwenye nukta asili. Kila upande unasimama nusu ya upana kutoka hapo. Upana ukiwa milimita 400, fremu iko 200 kutoka katikati. Ukienda 440, kila upande unasogea 20. Fremu ya kulia haijafungwa kwa ya kushoto. Zote mbili zimefungwa kwa kiunzi. Kiungo cha umbo kinapita njia moja, cha nafasi njia nyingine, na nimeona hilo linafanya mkusanyiko uwe mtulivu hata sehemu moja ikizimwa kwa muda.

Jambo la kukumbuka kwa wanaoakisi wakiwa kwenye mkusanyiko: amri ile ina orodha ya sehemu ulizochagua. Sehemu mpya ukiiongeza kushoto wiki ijayo, usitegemee itajitokeza kulia. Fungua amri, iongeze kwenye orodha.

Ijumaa: mama asiye na upande

Hapa ndipo penye nyama.

Kiungo ni cha njia moja. Mama akiongezewa shimo, mtoto analipata. Mtoto akiongezewa shimo, mama hana habari. Hiyo ni nzuri kwa vitu vya kulia peke yake: kwenye kiti hiki fremu ya kulia ina breketi ndogo ya kushikia fimbo ya kutembelea, na mashimo yake mawili nimeyaweka kwenye faili ya mtoto, baada ya kipengele kilichoakisiwa. Yako kwenye mti wake chini ya mama, wazi kabisa, mtu yeyote akifungua anaona nini ni cha kurithi na nini ni cha kuongeza.

Ila vya kushoto peke yake je? Kinga ya kushoto ina maandishi ya ukubwa wa kiti yaliyochongwa kwenye bati. Yakikaa kwenye faili ya kushoto, ambayo ndiyo mama, yatavuka na kusomeka kinyumenyume kulia. Unaweza kuyaziba kwa mtoto, yaani kujaza ulichochonga, lakini huo ni uchafu: sehemu inachongwa kwa mama, inaakisiwa, kisha inafukiwa. Anayekuja baada yako ataumwa kichwa.

Nilichofanya kwa kinga na fremu ni kumfanya mama asiwe na upande wowote. Faili ya tatu, yenye yale tu ambayo pande zote mbili zinashiriki. Kushoto ni faili inayomwingiza mama kama alivyo, kisha inaongeza maandishi. Kulia ni faili inayomwingiza mama akiwa ameakisiwa, kisha inaongeza ya kwake. Mama hatokei kwenye mkusanyiko wala kwenye orodha ya vifaa. Hana namba ya kutengenezwa. Gharama yake ni faili moja zaidi kwa kila jozi, na mtu mpya kwenye mradi inabidi aelezwe kwamba akitaka kurekebisha kona ya fremu asiifungue ya kushoto, afungue ya mama. Kwa mkono wa kibao cha miguu sikufanya hivyo, kwa sababu hauna tofauti hata moja kati ya pande mbili zaidi ya upande wenyewe. Kushoto ndiye mama, kulia ndiye mtoto, imetosha. Kutumia faili tatu kila mahali kwa ajili ya nidhamu tu ni kujitafutia kazi.

Wazo lenyewe la umbo moja kuu na vivuli vyake vinavyolifuata ni la zamani kuliko tunavyodhani. Ivan Sutherland alikuwa nalo tayari kwenye Sketchpad, programu yake ya kuchora aliyoitengeneza chuoni MIT, Marekani, mwaka 1963: unachora asili mara moja, unaweka nakala zake kwenye ukurasa, ukirekebisha asili zote zinarekebika. Tunachopambana nacho leo si wazo, ni mahali pa kuweka tofauti.

Kwenye mti wa SolidWorks kiungo kinaonekana kwa mshale mdogo baada ya jina. Mshale mtupu: kiungo kipo na kinafanya kazi. Mshale na alama ya kuuliza: mama hajapakiwa, hivyo mabadiliko yake hayafiki. Mshale na nyota: kimefungwa kwa makusudi. Mshale na x: kimekatwa. Sasa kila ninapofungua mkusanyiko naangalia mishale kwanza, kabla hata ya kuzungusha kitu. Alama ya kuuliza ndiyo ya kuogopa, kwa sababu sehemu inaonekana nzima, haina wekundu wowote, ila iko nyuma ya mama yake.

Jumamosi: kinga ya bati

Nimetuma michoro ya kinga kwa fundi wa kukata na kukunja. Akarudisha ujumbe: "Bosi, hili la kulia naona ni lilelile la kushoto. Nikate mawili tu?"

Yuko sahihi, na hayuko sahihi.

Kinga ni bati la aluminiamu la milimita 1.5 lenye mikunjo miwili: ukingo wa juu unaoingia chini ya egemeo la mkono, na ukingo wa nyuma unaokumbatia bomba. Ukiikunjua, kushoto na kulia vinatoa kipande kimoja cha bapa, tofauti yao ni kwamba kimoja kimelazwa kifudifudi. Bati bapa halina upande, kama nilivyosema Jumanne. Kinachokipa upande ni mkunjo: kipande kilekile ukikunja kingo zote kuelekea juu unapata kushoto, ukizikunja kuelekea chini unapata kulia. Urefu wa kukunja haubadiliki, kona hazibadiliki. Kwa hiyo kwenye mashine ya leza ni faili moja, idadi mbili. Kwenye mashine ya kukunja ni kazi mbili.

Mpaka unapoangalia bati lenyewe. Bati letu lina uso mmoja uliosuguliwa kwa urembo na kufunikwa karatasi ya plastiki. Uso huo lazima utazame nje pande zote. Leza nayo huacha ukingo wenye makwaruzo kidogo upande wa chini, na tunataka makwaruzo hayo yawe ndani, yasishike nguo. Ukikata vipande viwili vikiwa vimelala namna moja, uso mzuri ukiwa juu, cha kushoto kinatoka vizuri, na cha kulia uso mzuri unaishia ndani, unatazama mapaja ya aliyekaa. Kwa hiyo kwa kinga hii kipande cha kulia lazima kikatwe kikiwa kimegeuzwa kwenye faili ya leza, ili uso mzuri ubaki juu na mikunjo ielekee upande uleule wa uso kwa vyote viwili. Michoro ni miwili, na kwenye kila mmoja nimeandika uso upi ni wa nje, kwa maneno na kwa mshale.

Kompyuta haikujua lolote kuhusu plastiki. Kwake bati halina uso mzuri.

Upande wa programu, kilichonipa mchoro wa kukunjuliwa kwenye faili ya kulia ni kisanduku cha taarifa za bati nilichotia tiki wakati wa kuakisi. Bila hicho mtoto anapokea umbo tu, kipande kigumu kisichojua kwamba kilikuwa bati, na inabidi ukigeuze kuwa bati upya kwa mkono. Mashimo ya M6, yanayotobolewa kwa milimita 5 kabla ya kukatwa hesi, yamevuka na alama zake. Alama ya hesi haina mwelekeo, ni duara tu, kwa hiyo haigeuki kuwa ya kushoto.

Jumatatu: kutikisa

Leo kazi ilikuwa kumsumbua mama makusudi.

Upana kutoka 400 kwenda 440: pande zote zilisogea, hakuna kilichogongana. Bomba la fremu kutoka kipenyo cha 22 kwenda 25: fremu ya kulia ikafuata, mashimo ya breketi ya fimbo yakabaki mahali pake. Nikaondoa mviringo wa kona kwenye mama, nikaurudisha. Hapo ndipo watoto wengi hufa, kwa sababu mashimo yaliyochorwa juu ya uso fulani wa mwili ulioakisiwa hupoteza kiti chake uso huo unapogawanyika au kutoweka. Yangu hayakuguswa, kwa kuwa michoro yote ya watoto imekaa kwenye mabapa ya asili ya faili, si kwenye nyuso za kurithi. Ugonjwa huu, wa majina ambayo programu huzipa nyuso kuhama umbo likibadilika, si wa programu moja. FreeCAD ilipotoa toleo la 1.0, Novemba 2024, tiba yake ilikuwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyosubiriwa, na bado kuegemea mabapa ya asili ni salama zaidi.

Kwa uhakiki sikutegemea macho. Macho hudanganywa na umbo lililogeuzwa. Nililinganisha sifa za uzito za mama na mtoto, nikiwa nimeakisi kwa bapa lililo wima kwa mhimili wa X. Ujazo lazima uwe sawa hadi tarakimu ya mwisho. Kitovu cha uzito: X igeuke alama, Y na Z zibaki. Momenti za inasha tatu (ugumu wa kuizungusha sehemu kwenye kila mhimili) zibaki zilivyo, na kati ya zidisho za inasha (namna uzito ulivyoegemea kati ya mihimili miwili), XY na XZ zigeuke alama huku YZ ikibaki. Kikipita hapo, ni kinyume halisi. Kipimo hiki lazima kifanywe kabla ya kuongeza vitu vya kulia peke yake, la sivyo ujazo hautalingana na utatafuta kosa lisilokuwepo.

Jumatano: namba na makabidhiano

Namba za sehemu: witiri kushoto, shufwa kulia, mtindo uliozoeleka kwenye michoro ya ndege. Mtu akiona jozi inayoishia 11 na 12 anajua mara moja. Ile desturi ya zamani ya kuchora upande mmoja na kuandika pembeni "kushoto kama ilivyochorwa, kulia kinyume" nimeibakiza kwa mikono ya kibao cha miguu tu. Kwa kinga, na ile habari ya uso mzuri, siwezi kumwachia fundi ageuze kichwani.

Majina ya faili sitayabadilisha nje ya programu, kwa kuwa mtoto anamtafuta mama kwa jina na njia ya folda. Makabidhiano yote nayapakia kwa amri ya kufungasha, ambayo huchukua mkusanyiko pamoja na kila kinachotegemewa, hata mama asiyeonekana kwenye mkusanyiko. Nimehakikisha yumo.

Viungo nitavifunga, sitavikata. Kilichofungwa kinafunguliwa toleo linalofuata likianza, kilichokatwa hakirudi. Wapo wanaokata kila kitu wakitoa toleo ili faili ziwe nyepesi, nami naona ni kuchoma daraja kwa sababu ya megabaiti.

Kwa mwenzangu wa FreeCAD: STEP itampa maumbo sahihi ya pande zote mbili, ila bila kiungo hata kimoja. Akitaka kiungo atakijenga upya kwake, na si kazi ngumu. Amri ya kuakisi kwenye benchi ya Part (kundi la amri ndani ya FreeCAD) hutoa kitu kinachokumbuka chanzo chake, nukta ya bapa na mwelekeo wake. Chanzo kikibadilika na hati ikakokotolewa upya, nacho kinabadilika. Chanzo kikiwa kwenye hati nyingine, aingize kiungo chake kwanza, na hati zote mbili ziwe zimehifadhiwa kwenye diski kabla, vinginevyo programu haina anwani ya kukumbuka. Anayetumia Creo, programu nyingine tena, atakuta swali hilohilo likiulizwa waziwazi anapoakisi: umbo tu au pamoja na vipengele, na tegemezi au huru.

Kilichobaki ni lachi ya mkono wa kibao cha miguu. Kichwa chake cha plastiki kinanunuliwa, na muuzaji ana cha aina moja tu, chenye kidole kinachopinda kidogo kushoto. Kulia kitafungukia ndani. Nimeomba sampuli nijaribu kukigeuza juu chini. Kikikubali, kinaingia fungu la pili, kikikataa, nitabadilisha tundu lake kwenye mama ili pande zote zipokee kitasa kisicho na upande.